"Kuwekewa Maji" Nyumbani: Ni Msaada au Hatari?

Katika vijiji vyetu vya Kilifi na Malindi, mtoto akishikwa na homa kali utasikia, "Muiteni daktari aje amwekee maji hapa hapa." Nauli ni ghali na hospitali iko mbali. Lakini je, dripu yafaa kuwekwa nyumbani?

Inawezekana. Marekani walianza miaka ya 1970, na leo Uingereza pia wako wagonjwa wanaotiwa dawa mshipani wakiwa kwao. Lakini kwanza hospitali humpima mgonjwa, ikajua ugonjwa na kuona ametulia. Kisha muuguzi humtembelea, na mambo yakiharibika kuna simu na gari. Chupa kutundikwa kwenye boriti bila hayo yote, hiyo si hospitali.

Hatari ni gani? Maji yakiingia kwa kasi, moyo na mapafu ya mtoto mgonjwa huweza kulemewa. Sindano chafu nayo hupeleka viini moja kwa moja kwenye damu.

Ushahidi uko hapa kwetu. Watafiti, wakiwemo wa KEMRI Kilifi, walichunguza watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Matokeo yalitoka 2011. Kati ya kila 100 waliowekewa maji mengi kwa haraka, 10 au 11 walikufa katika saa 48. Kwa wale wasiowekewa hivyo, walikufa 7. Na wote walikuwa hospitalini!

Kuhara ni jambo lingine. Watoto wa kuhara hawakuwemo katika uchunguzi huo. Anayehara na anaweza kunywa, mpe ORS kidogo kidogo. Huna pakiti? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Aliyekaukiwa sana anahitaji dripu upesi, lakini hospitalini. Kama anameza, mnyweshe njiani.

Usingoje ukiona haya:
1. Hawezi kunywa wala kunyonya.
2. Anatapika kila kitu.
3. Ana degedege.
4. Amelegea au haamki.
5. Anapumua kwa shida.

Basi kikundi chenu kifanye nini? Wekeni akiba ya nauli ya dharura kutoka kwa michango, na mkubaliane mapema ni gari au bodaboda ya nani itakayoitwa usiku. Pesa ambazo zingelipia chupa ya boritini zitamfikisha mtoto hospitali.