Forfe "bila mwisho" iko na mwisho

BUNAGANA. Siku ya Ijumaa jioni nilikuwa nimekaa karibu na bariere ya mpaka, pale magari makubwa yanangojea kuvuka kuingia Uganda. Simu ikalia. Kijana mmoja wa kamati yetu, kwenye shimo moja la Masisi, alinitumia video. Chini yake aliandika maneno matatu tu: "Papa, angalia ukuta." Nikafinya. Kale kaduara kakaanza kuzunguka. Saa mbili usiku kalikuwa kanazunguka, saa tatu vilevile, saa tano bado.

Mtu atauliza: kwa nini hukupiga simu? Nilipiga, sauti ikakatika mara tatu. Nikamuandikia, akajibu neno moja: "Ufa." Lakini ufa uko wa kila namna. Kuko ufa wa udongo kukauka, na kuko ufa wa mlima unaotaka kushuka. Bila kuuona kwa macho, huwezi kuamuru watu makumi wasishuke na wakose pesa ya siku. Ndiyo nikangojea. Video ilifunguka asubuhi, saa kumi na moja na nusu. Ufa ulikuwa mrefu, kutoka juu mpaka pale watu wanapita. Nilipopata mtu kwenye simu, timu ya asubuhi ilikuwa imekwisha kushuka.

Walitoka wote salama. Mkubwa wao aliuona ufa yeye mwenyewe, akawarudisha juu. Lakini mimi sikulala vizuri wiki nzima, ju ya ile forfe niliyokuwa nayo. Ilikuwa forfe ya mwezi mzima, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa kwamba iko bila mwisho.

Nilipofika Goma nilipita kwenye ofisi ya kampuni. Dada aliyenipokea alikuwa na heshima. Akasema: "Papa, rezo iko sawa. Ni wewe umetumia mingi, umevuka kipimo." Nikamuuliza, kipimo ni giga ngapi? Aliangalia kwenye kompyuta yake, kisha akanionyesha karatasi ya Kifaransa yenye maandishi madogo kama mchanga: usage raisonnable. Maana yake matumizi ya kadiri. Kadiri ya nani? Hiyo karatasi haikusema.

Wanapunguza namna gani

Wasomaji wengi wanafikiri intaneti ikienda polepole, ni antene imeharibika ao ni mvua. Mara nyingine ni kweli. Antene moja inagawa nguvu yake kwa simu zote zilizo chini yake, sawa robine moja ya maji ambayo mtaa mzima unafungua saa moja. Jioni watu wote wako kwenye simu, kila mtu anapata kidogo. Hapo hakuna wa kulaumiwa sana.

Lakini kuko namna ya pili. Kompyuta ya kampuni inahesabu kila mega unayotumia. Ukifika kwenye namba fulani, inashika laini yako peke yako na kuifunga nusu. Haikukati. Alama ya rezo kwenye simu inabaki imejaa. Unaona uko ndani, kumbe uko mlangoni.

Tuchukue mfano. Video ya mega 10, kwenye mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde, inashuka kwa sekunde 16. Wakikushusha kwenye kilobiti 128, ile video inaomba dakika 10 na sekunde 25, kama rezo haikatiki hata mara moja. Ikikatika, simu inajaribu tena. Na wakati huohuo magrupu mengine ndani ya simu yako, ya kanisa, ya familia, ya mupira, yanashusha picha zao kwa kanjia kalekale kembamba. Ndiyo maana dakika kumi zinakuwa usiku mzima.

Pesa kwa simu haisumbuliwi hivyo. Tangu mabenki ya Goma yalipofunga mwezi wa Januari 2025, wengi wetu simu ndiyo benki yetu. Zile kodi za nyota na diezi zinapita njia nyingine, si ya intaneti. Kwa hiyo utaona mama anapokea pesa yake bila shida, na WhatsApp yake imekufa palepale. Anasema "rezo hakuna". Hapana mama, rezo iko.

Mtumiaji mzito ni nani?

Kampuni ziko na sababu zao, na tuwe wa kweli. Huku kwetu umeme haufiki kila mahali, antene nyingi zinatembea kwa mazutu ao kwa jua, na barabara ya kupeleka mazutu sote tunaijua. Mtu mmoja akishusha filamu mchana na usiku, anaharibia jirani zake kumi. Kuweka kipimo si dhambi.

Shida yangu iko kwenye lile jina, "mtumiaji mzito". Kwenye kompyuta yao huyo ni mtu mmoja mwenye tamaa. Njoo umuone hapa Bunagana. Ni kijana mwenye simu nzuri moja, betri iliyojaa, na amefungua Wi-Fi ya simu yake kwa wengine. Dereva wa lori anaangalia kama karatasi zake za duane zimefika. Mama anaongea na mtoto wake aliye Kampala. Wanafunzi wawili wanatafuta zoezi. Kwenye mashimo ni vilevile: simu moja inatumikia timu nzima. Watu kumi wameunganisha pesa, wamenunua forfe moja, ju ya kila mtu peke yake hawezi.

Kwa kampuni hiyo ni laini moja inayokula sana. Kwetu ni watu kumi wanaokula kidogo. Kwa hiyo kipimo kinapofungwa, hakimpati tajiri. Tajiri ana laini mbili, tatu, ao ana Wi-Fi ya nyumbani. Kinapata wale waliochanga.

Wengine hapa wanatembea na kadi mbili, ya Kongo na ya Uganda, kwa kuwa antene za ng'ambo zinafika mpaka huku. Lakini kuvuka si dawa. Uganda nako, tangu tarehe 1 Julai 2018, watu walilipa shilingi 200 kila siku ili tu wafungue WhatsApp na Facebook. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikaja kodi ya 12% juu ya data yenyewe.

Mizani inayoangalia mnunuzi

Sisi watu wa madini tunaijua hii hadithi. Mchimbaji anapanda na mfuko wake, anaupeleka kwa mnunuzi. Mizani ni ya mnunuzi. Mashini inayosoma ubora wa jiwe ni ya mnunuzi. Namba inatokea upande wa mnunuzi. Mchimbaji anaambiwa tu: "Ni hivi." Miaka mingi tumepigania kitu kimoja kidogo: mizani igeuzwe, wote wawili waone sindano. Hatukusema mnunuzi asipime.

Data ni vilevile. Kampuni inauza, kampuni inapima, kampuni inaamua ni lini umevuka. Na inachopunguza si inite, ni wakati wako. Hapo ndipo ujanja uko. Kumbukeni kodi ya RAM, ya kuandikisha simu, iliyoanza mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Walikuwa wanakata ndani ya inite, na kila mtu aliona inite zake zinapotea mbele ya macho. Kwa hiyo kelele zilipanda, za vijana barabarani na za wabunge, mpaka mwanzoni mwa Machi 2022 serikali ikaiacha. Mwendo ukipunguzwa, hakuna anayeona kitu kimepotea. Unapiga simu yako kofi, unaizima, unaiwasha.

Na kifaa kilekile kinaweza kutumika kwa mambo mengine. Mwezi wa Agosti 2017, mamlaka ya mawasiliano ya Kinshasa iliandikia makampuni yapunguze nguvu ya kutuma picha kwenye mitandao, wakati ule wa maandamano. Halafu kutoka tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa karibu siku 20. Kama hatuna desturi ya kuambiwa nani anapunguza, kwa sababu gani, na mpaka lini, hatutajua siku hiyo kama ni forfe imevuka kipimo ao ni amri imetoka juu.

Marekani nako walidanganywa

Tusifikiri ni shida ya maskini tu. Marekani, kampuni kubwa AT&T iliuza forfe za bila mwisho, kisha kuanzia 2011 ikawa inapunguza mwendo wa waliotumia sana, wengine baada ya giga 2 tu kwa mwezi. Shirika la serikali linalolinda wanunuzi, FTC, liliipeleka mahakamani mwaka 2014. Wateja zaidi ya milioni 3,5 walikuwa wameguswa. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 60. Kosa iliyoshitakiwa haikuwa kupunguza peke yake. Ilikuwa kuuza kwa jina la "bila mwisho" na kuficha mwisho uko wapi.

Sisi nasi tuko na sheria, ile namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano, na tuko na ARPTC inayosimamia makampuni. Kinshasa iko mbali, na huku Rutshuru tangu Juni 2022 ni mbali zaidi. Lakini maduka ya kampuni yako hapa, na pesa yetu inaingia kila siku. Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linaloomba antene mpya.

La kwanza, kipimo kiandikwe kwa giga, kwa Kiswahili, palepale ambapo bei imeandikwa. La pili, mtu akibakiza kidogo apate ujumbe kabla ya kupunguzwa, asikute mlango umefungwa. La tatu, ujumbe useme mwendo mpya ni ngapi na utarudi siku gani. La nne, neno "bila mwisho" liondolewe kwenye forfe yenye mwisho.

Na wewe msomaji, usingojee. Intaneti ikikufia, ujaribu saa nane ya usiku, wakati watu wamelala. Ikiwa inaenda vizuri, ni antene iliyojaa mchana. Ikiwa bado inatambaa, weka ndani ya simu yako kadi ya jirani wa kampuni ileile, mahali palepale. Yake ikikimbia na yako ikitambaa, sasa unajua. Andika tarehe, saa, na jina la forfe uliyolipa. Malalamiko ya mtu mmoja yanaitwa makelele. Daftari la watu mia moja, lenye tarehe na saa, hilo ofisi yoyote italisoma.

Kwenye kamati yetu tumeanza daftari hilo. Ukurasa wa kwanza uko na tarehe ya ile Ijumaa.