Farasi Baada ya Mbio

Farasi wa mashindano huanza mbio angali na umri wa miaka 2 au 3, naye huweza kuishi zaidi ya miaka 25. Hivyo farasi astaafuye katika uwanja wa Ngong, Nairobi, unaotumika tangu 1954, bado yu mbali na uzee. Asipopata kazi nyingine, hukosa wa kumlisha. Je, hufunzwaje?

Kwanza ni chakula. Ng'ombe wa Mgogoni, Pemba, hucheua, na majani huvunjwavunjwa na bakteria katika tumbo lenye vyumba vinne. Farasi hacheui, bakteria wake wamo katika utumbo mpana. Akiondolewa nafaka ghafla na kupewa majani, bakteria hao huvurugika, na msokoto wa tumbo waweza kumuua. Kwa hiyo hubadilishiwa kidogo kidogo.

Pili ni ishara. Mbioni alizoea kuegemea lijamu hatamu zikazwapo, wala hakuzoea miguu ya mpandaji ubavuni. Mfunzaji humbana kidogo, na papo hapo aitikiapo humlegezea. Kulegezewa huko ndiko ujira wake. Kukichelewa, hujifunza kosa.

Kanuni hiyo yamfaa pia amfunzaye ng'ombe kukokota gari.