Biskuti ya Oti Huamuliwa na Maji

Anayeoka biskuti za oti nyumbani hufikiria kwanza siagi, sukari na moto wa oveni. Hakosei, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake. Lakini kitu kinachoamua zaidi hakiandikwi hata kwenye orodha ya mahitaji, nacho ni maji. Maji ndiyo yanayoamua kama biskuti itatambaa kwenye trei na kuwa nyembamba au itabaki nene, kama itatafunika kwa ulaini au itakatika kwa mlio, itaanza kupata rangi wapi, na itakaaje koponi kesho yake. Hata faida ambayo oti husifiwa kwayo, ya kushusha kolesteroli, inatokana na namna nafaka hii inavyoshika maji. Hoja ya makala haya ni kwamba mwokaji akishajua maji ya donge lake yako wapi, yameshikwa na nini na yanatoka lini, ataacha kubahatisha, na biskuti zake zitatoka vizuri hata akiwa na jiko la kawaida.

Tuanze na hesabu. Kipimo kimoja cha kawaida cha nyumbani kina oti gramu 200, unga wa ngano gramu 120, siagi gramu 115, sukari gramu 120, yai moja, nusu kijiko cha chai cha bikabonati ya soda na chumvi kidogo. Hapo hakuna maji yaliyopimwa, ila yamo. Yai lililotolewa ganda lina uzito wa gramu 50 hivi, na robo tatu ya uzito huo ni maji. Siagi nayo ina maji kiasi cha asilimia 16, kwa hiyo gramu 115 za siagi zinaleta gramu 18 za maji. Unga na oti vina unyevu wake, lakini huo tayari umeshikwa ndani ya chembe za nafaka na haugawiki kirahisi. Ukijumlisha, maji yaliyo huru katika donge lote ni kama gramu 55, yasiyofika hata vijiko vinne vya chakula. Maji hayo machache yanagombewa na gramu 440 za vitu vikavu: oti, unga na sukari. Matokeo ya ugomvi huo ndiyo biskuti yenyewe.

Mshindani mkubwa ni oti, na nguvu yake ya kuvuta maji inaanzia kiwandani. Oti ni zao la nchi za baridi kama Urusi na Kanada, na hata katika nyanda za juu za Kenya hulimwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Punje yake ina mafuta asilimia 6 hadi 7, mengi kuliko ya ngano mara kadhaa, na ndani yake kuna kimeng'enya kinachoitwa lipasi ambacho huvunja mafuta hayo na kuyafanya yawe machungu. Ndiyo maana punje ikishamenywa hupikwa kwa mvuke ili kukiua kimeng'enya hicho, kisha hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yanayoibonyeza ikawa bapa. Kwa hiyo oti tunayonunua dukani si nafaka mbichi kabisa. Sehemu ya wanga wake imekwisha kulainishwa na mvuke, kuta za seli zimepasuka, na umbo bapa linaipa eneo kubwa la kugusana na maji. Kuta hizo za seli zina nyuzinyuzi ziitwazo betaglukani, kiasi cha asilimia 4 ya oti kavu. Betaglukani ni mnyororo mrefu wa glukosi wenye viungo vya namna mbili vinavyopishana, na kwa sababu ya kupishana huko minyororo haiwezi kulaliana ikabana. Maji hupenya katikati yake, ikayeyuka na kuyafanya mazito. Uji wa oti ukipoa huteleza kama mchuzi wa bamia, na utelezi huo ni kazi ya betaglukani.

Mshindani wa pili ni sukari. Kwenye joto la kawaida la chumba, gramu moja ya maji huyeyusha gramu 2 hivi za sukari. Maji hayo yakifika nyuzijoto 100 za Selsiasi, huyeyusha karibu gramu 5. Maana yake ni kwamba donge linapoingia ovenini, siagi huyeyuka mapema kabla halijafika nyuzijoto 40, kisha sukari iliyokuwa bado chembechembe nayo huanza kuyeyuka na kuwa shira. Shira hiyo inaongeza majimaji, na donge linaanza kutambaa. Kadiri maji yanayobaki kwa sukari yanavyokuwa mengi, ndivyo shira inavyokuwa nyepesi na biskuti inavyozidi kutanuka. Oti zikiwa zimekunywa maji mapema, shira inakuwa kidogo na nzito, na biskuti inasimama. Protini za oti haziwezi kusaidia katika hilo, kwa kuwa nyingi ni globulini na hazisukwi zikawa wavu wa gluteni kama zile za ngano. Donge la biskuti hii linashikiliwa na unga kidogo wa ngano, yai, na uzito wa maji yaliyonywewa.

Jambo hili limepimwa maabara kwa miaka mingi. Wanasayansi wa nafaka wana desturi ya kupima ubora wa unga laini wa ngano kwa kuoka biskuti za kipimo kimoja na kupima kipenyo chake, na unga unaoshika maji mengi hutoa biskuti ndogo. Louise Slade na Harry Levine, waliofanya kazi katika kampuni ya Nabisco ya Marekani, waliigeuza kanuni hiyo kuwa kipimo ambacho sasa hutumika katika maabara za unga. Unga huloweshwa katika majimaji ya aina nne, yaani maji matupu, maji ya sukari, maji yenye kabonati ya sodiamu na maji yenye asidi laktiki. Kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine ili majimaji yasiyoshikwa yatoke, na kinachobaki hupimwa uzito. Majimaji hayo yanafichua sehemu mbalimbali za unga na uwezo wake wa kushika maji. Kiwanda kinachooka mamilioni ya biskuti zinazopaswa kuenea kwenye pakiti moja hakiwezi kupuuza kipimo kama hicho, na mwokaji wa nyumbani anafanya kazi chini ya kanuni hiyohiyo.

Kutokana na hayo, ushauri wa kwanza ni kulipumzisha donge nusu saa kabla ya kuoka. Unga wa ngano ni laini na hulowa haraka, lakini kipande cha oti ni kinene, na sukari inayogombea maji yaleyale inakichelewesha. Bila muda huo, oti zinaingia ovenini zikiwa kavu katikati, na maji ambayo zingeyanywa yanakwenda kutengeneza shira. Msomaji makini atapinga hapa kwamba donge likipumzishwa kwenye friji siagi huganda, na kwamba huenda biskuti inabaki nene kwa sababu ya ubaridi tu, si kwa sababu oti zimekunywa maji. Pingamizi hilo ni la haki, na linaweza kujibiwa jikoni. Donge ligawanywe mafungu matatu: la kwanza liokwe papo hapo, la pili lifunikwe na kukaa nusu saa mezani, la tatu likae nusu saa kwenye friji. Fungu la pili halikupozwa, kwa hiyo kama nalo limekuwa zito kijikoni na limetambaa kidogo kuliko la kwanza, sababu ni maji. Tofauti ya fungu la tatu na la pili ndiyo sehemu ya ubaridi. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako joto la jikoni huilainisha siagi mno, friji inasaidia kweli, lakini inasaidia juu ya kazi ambayo maji yameshaifanya. Ukiongeza zabibu kavu zilizokauka sana, nazo zilowekwe kwenye maji ya vuguvugu na kuchujwa vizuri, la sivyo zitaingia katika ugomvi huohuo.

Ndani ya oveni maji huanza kuondoka, na kuondoka kwake ndiko kunakoleta rangi na harufu. Sehemu ya donge ambayo bado ina maji ya kutosha haiwezi kupanda joto kupita nyuzijoto 100 kwa kiasi kikubwa, hata oveni ikiwa 180, kwa sababu joto linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Kingo ni nyembamba, hukauka kwanza, joto lake hupanda, na likikaribia nyuzijoto 140 mmenyuko ambao mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912 unashika kasi. Sukari na asidi amino zinaungana na kuzaa mamia ya kemikali zenye rangi ya dhahabu na harufu ya kuokwa. Bikabonati ya soda hupunguza uchachu wa donge na kuuharakisha mmenyuko huo, mbali na kutoa gesi ya kuifanya biskuti iwe nyepesi. Ukavu huohuo una upande wa kuangaliwa. Mwezi Aprili 2002 wanasayansi wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyookwa au kukaangwa kwa joto kali vina akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, ambayo huzaliwa kutokana na asidi amino iitwayo asparajini pamoja na sukari, joto likizidi nyuzijoto 120 na unyevu ukipungua. Kwa hiyo kutoa biskuti kingo zikiwa za dhahabu na katikati bado pamepauka kunaleta ulaini, na pia ni busara ya afya. Ziachwe kwenye trei dakika kadhaa, kwa kuwa shira na siagi hushikana zikipoa. Wanaooka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kupalia makaa juu ya mfuniko wapunguze makaa ya chini, maana chini hukauka na kuungua kabla juu hapajapata rangi.

Wengine watasema kwamba mafuta na sukari ndivyo vinavyoamua biskuti, na maji ni jambo dogo. Biskuti za Anzac za Australia na New Zealand zinatoa jibu zuri. Hizo huokwa kwa oti, unga, nazi kavu, sukari, siagi na shira nzito ya dhahabu, bila yai. Mafuta na sukari vimejaa humo, lakini mapishi yake hayakamiliki mpaka viongezwe vijiko vichache vya maji ya moto yaliyoyeyushiwa bikabonati. Yai likiondoka, maji lazima yarudi kwa njia nyingine. Sukari yenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kushika maji: sukari ya kahawia yenye molasi hufanya biskuti ibaki na unyevu, na ndiyo sababu anayepunguza sukari hupata biskuti kavu, iliyopauka na isiyotambaa. Kupunguza robo inawezekana. Ukizidisha hapo, umeoka kitu kingine.

Linabaki suala la afya, ambalo hutiwa chumvi kupita kiasi. Mwaka 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu pakiti za oti ziandikwe kwamba betaglukani, angalau gramu 3 kwa siku katika mlo unaofaa, inaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Betaglukani huyafanya majimaji ya utumbo kuwa mazito na kuondoka na asidi za nyongo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ukiongozwa na Thomas Wolever ulionyesha kwamba minyororo ya betaglukani ikikatwa mifupi sana, uwezo wa kushusha kolesteroli hupungua, ushahidi kwamba uzito wa majimaji ndio unaofanya kazi. Sasa tupige hesabu ya biskuti. Donge letu likitoa biskuti 20, kila moja ina gramu 10 za oti, yaani gramu 0.4 za betaglukani. Ili kufikia gramu 3 mtu angekula biskuti saba na nusu, na pamoja nazo angemeza gramu 45 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mlo wa kilokalori 2,000 ni gramu 50. Anayetafuta dawa ya kolesteroli ale uji wa oti. Biskuti ya oti ni kitafunwa kizuri chenye nyuzinyuzi zaidi ya biskuti ya unga mtupu, na sifa hiyo inaitosha.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie ulezi, nafaka yetu tuliyoizoea. Tutumie, na biskuti zake ni tamu, lakini tusibadilishe kikombe kwa kikombe. Unga wa ulezi hauna betaglukani kwa kiwango cha oti na hauna vipande bapa vya kunywa maji taratibu, kwa hiyo donge lake linahitaji hesabu yake ya yai, maziwa na sukari. Hata kopo la kuhifadhia linafuata kanuni hii: biskuti kavu ikiachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu ya pwani hulegea, na biskuti iliyokauka mno ikifungiwa pamoja na kipande cha mkate hulainika, kwa kuwa maji huhama kutoka yaliko huru kwenda yanakovutwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulaumu oveni au kuongeza unga kwa kukisia, pima viungo vyako kwa mizani, lipe donge nusu saa lilowe, na uzitoe biskuti mapema kingo zikiwa za dhahabu. Mambo hayo matatu hayana gharama, na ndiyo yatakayokupa biskuti nzuri ya oti.