Vikope: kidonge cha siku moja na hesabu ya jicho la mkulima

MCHUUZI wa mawese pale Mwandiga akiamka na jicho jekundu, safari ya kwanza ni duka la dawa. Hununua matone yoyote yaliyopo, akarudi kwenye madumu yake. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Macho mekundu ya virusi, kama yaliyosambaa Dar es Salaam Januari 2024, kwa kawaida hupona yenyewe, na antibayotiki haiyasaidii. Matone yenye steroidi ni hatari zaidi: huondoa wekundu haraka, lakini yakitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Vikope, yaani trakoma, ni habari nyingine. Huletwa na bakteria wanaosafiri kwa vidole, kanga ya kufutia watoto na nzi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kovu hujengeka ndani ya kifuniko cha jicho. Baada ya miaka mingi kope hupinda na kukwaruza kioo cha jicho hadi upofu. Wanawake, ambao hushinda na watoto, huathirika zaidi. Nao ndio wapalizi wa shamba.

Tiba ya zamani ni mafuta ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Hiyo ni mara 84. Nani mwenye mahindi ya kupalilia atamshika mtoto anayelia mara 84? Azithromaisini humezwa mara moja, na hupewa kijiji kizima, mgonjwa na mzima, maana kumtibu mmoja ni sawa na kuogesha ng'ombe mmoja katika zizi lenye kupe. Mwaka 2000 katika kijiji cha Kahe Mpya, Rombo, walitibiwa wakazi 956 kati ya 978, na waliobaki na dalili baadaye wakaongezewa mafuta. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 0.1 kwa miaka miwili.

Barabara ya Mwandiga–Manyovu inaelekea Burundi, nchi ambayo Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa imetokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii. Dawa hii hutolewa bure na kampuni ya Pfizer kwa kampeni za aina hiyo.

Ambaye kope zake zimekwisha kupinda, kidonge peke yake hakimtoshi. Anahitaji upasuaji mdogo wa kope, unaofanyika kwa ganzi, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.