Unapotengeneza gari kuukuu nyumbani, usifiche kutu

Tanga. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa masika. Binti wa kidato cha pili alitumwa kutoa mikeka ya gari la baba yake akaianike juani. Alipovuta mkeka wa nyuma upande wa kushoto, kipande cha sakafu kilitoka nao. Pakabaki tundu la ukubwa wa kisahani cha kikombe, na kupitia tundu hilo aliona kokoto za uani.

Hapo ndipo mdogo wake wa miaka saba alikuwa akiweka miguu kila asubuhi akipelekwa shule.

Binti hakumwita baba yake. Alimwita mama.

Gari lenyewe ni Suzuki SJ410, aina iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1981. Ni gari dogo la milango miwili, lenye injini ya cc 970, kabureta, na springi za vyuma bapa kama za lori. Halina paa la bati. Limefunikwa kwa turubai linalofunguliwa na kukunjwa. Wakazi wa pwani wanayakumbuka magari madogo ya namna hii yakikatiza na watalii, turubai limefunguliwa na nywele zinapepea.

Mwenye gari, mhasibu wa miaka 48 anayeishi Raskazone na ambaye hakupenda jina lake litajwe, alilirithi kwa marehemu baba yake. Kwa miaka sita amekuwa akilitengeneza mwenyewe uani, kila Jumamosi, kwa spana za urithi na subira ya kujifunza. Majirani humtania kwamba ana wake wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma.

Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa akiucheka utani huo. Siku ya tundu hakucheka.

Puti iliyoziba siri

Kilichomuudhi mama huyo si kutu. Gari la miaka arobaini linaloishi kando ya bahari lazima litapata kutu. Kilichomuudhi ni alichokiona kwenye kingo za lile tundu: tabaka nene la puti, juu yake rangi, na juu ya rangi mkeka mpya.

Mumewe alikiri. Mwaka mmoja uliopita aliuona mwanzo wa tundu hilo. Wakati huo walikuwa wakidaiwa ada ya shule, naye hakutaka kuanzisha mjadala wa fedha za mchomeleaji. Akanunua kopo la puti, akaziba, akapiga msasa, akapaka rangi. Kwa macho, sakafu ilipona.

Mkewe alimuuliza swali moja tu: kama angemruhusu mtoto wa jirani aketi pale huku akijua kilicho chini ya mkeka. Hakuwa na jibu.

Jioni ile funguo za gari zilihamia kwenye pochi ya mama. Watoto walianza kwenda shule kwa bajaji.

Kosa la baba huyo ni la kawaida kwa watu wanaotengeneza magari yao nyumbani. Puti ni ya kusawazisha bonde dogo kwenye bati zima kabla ya rangi. Haina nguvu ya kubeba uzito, na ikiwekwa juu ya kutu huibana na unyevu wake ndani. Kutu inaendelea kula chini kwa chini, na siku inapojitokeza, kilichokuwa doa kimekuwa tundu.

Adui ni maji

Katika gari la paa la bati, mvua hubaki nje. Katika gari la turubai lililochakaa, maji hupenya kwenye mishono, kwenye zipu na kwenye mipira ya milango, kisha hutulia sakafuni. Mkeka na sifongo iliyo chini yake huyanywa na kuyashika kwa siku nyingi. Mwenye gari akipapasa juu anaona pakavu, kumbe bati chini limelala majini.

Pwani kuna nyongeza ya chumvi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuharakisha kazi ya kutu, hivyo gari linaloegeshwa karibu na bahari linaweza kulika hata wakati wa kiangazi.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Baada ya kila mvua kubwa, mikeka itolewe ianikwe. Sakafu ina vitundu vya kutolea maji vyenye vizibo vya mpira. Vizibo vitolewe, maji yatoke, uchafu ufutwe, kisha virudishwe. Gari likitoka ufukweni, lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini ya bodi, ndani ya matairi na kwenye chesisi.

Kupima bati nako hakuhitaji mashine. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Bati lililolika hutoa mlio mfu, na ukilichoma kwa ncha, ncha inazama. Siku iliyofuata, baba na binti waligonga gari zima, binti akiweka alama ya chaki kila palipotoa mlio mbaya. Walipata sehemu tano. Tatu zilikuwa kutu ya juu tu, ambayo huondolewa kwa brashi ya waya na msasa hadi bati ling'ae, ikafuatiwa na dawa ya kutu, prima na rangi. Mbili zilikuwa za kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa karibu na mahali mkanda wa usalama unapofungwa.

Orodha hiyo, kwa mwandiko wa binti, ilibandikwa jikoni kwenye mlango wa friji. Mama alikuwa ametoa sharti hilo: kila ubovu uandikwe mahali ambapo kila mtu ndani ya nyumba anaweza kuusoma.

Turubai lina adabu zake

Wakati wakisubiri fedha za mchomeleaji, walianza na turubai, kwa kuwa sakafu mpya chini ya paa linalovuja ni hasara.

Katika turubai nyingi, uzi huoza kabla ya kitambaa. Jua hulegeza mshono, maji hupata njia, na upepo humalizia. Mshono ukishonwa upya mapema, turubai huendelea kufanya kazi kwa miaka. Uzi wa pamba haufai kwa sababu huoza ukiloa. Unaofaa ni wa poliesta, ule mnene unaotumiwa na mafundi wa siti. Baada ya kushona, mshono husuguliwa kwa nta ili vitundu vya sindano vizibe.

Kuosha nako kuna utaratibu. Yatosha maji, sabuni isiyo kali na brashi laini. Jiki haitakiwi kabisa, kwa kuwa hudhoofisha uzi na kufifisha rangi. Turubai lisikunjwe likiwa bichi, maana litaota ukungu na kunuka.

Dirisha la nyuma la plastiki linataka uangalizi zaidi. Kulifuta vumbi kwa kitambaa kikavu ni sawa na kulipiga msasa. Kwanza limwagiwe maji mengi, vumbi liondoke, ndipo lifutwe kwa kitambaa laini kilicholoa. Wakati wa kufungua paa, plastiki iviringishwe taratibu pamoja na shuka kuukuu, isipigwe pindo kali. Mahali palipokunjwa sana ndipo hupasuka kwanza.

Jeki ilipozama

Wiki ya tatu nusura mambo yaharibike.

Baba alitaka kukagua chesisi. Aliinua upande mmoja wa gari kwa jeki, akapanga matofali mawili ya saruji karibu na gurudumu, akajilaza chini. Mkewe alikuwa kazini. Binti aliyekuwa akimulika kwa tochi aliona kitako cha jeki kikiinama polepole. Ardhi ya uani ilikuwa bado laini kwa mvua. Alipiga kelele. Baba alijivuta nje, na jeki ikalala. Gari lilishukia tofali, tofali likapasuka vipande, na bodi ikatua pale alipokuwa ameweka kifua muda mfupi kabla.

Hakuumia. Alikaa kizingitini hadi adhuhuri bila kushika spana. Mkewe aliporudi, mume mwenyewe ndiye aliyemwambia, kabla mtoto hajasema.

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Anayeingia chini lazima kwanza aegeshe mahali tambarare na pagumu, avute hendibreki, aweke vigingi kwenye matairi yaliyobaki chini, kisha aegemeze chesisi juu ya stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ardhi ikiwa laini, ubao mnene na mpana uwekwe chini ya jeki na chini ya kila stendi. Tofali la saruji halifai hata kidogo. Linaonekana imara, lakini hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kabla ya kuingia, gari litikiswe kwa mikono, na likicheza, kazi ianze upya.

Mama aliongeza sharti la pili kwenye mlango wa friji: hakuna kuingia chini ya gari bila mtu mzima mwingine kuwepo nyumbani. Stendi mbili zilinunuliwa mwisho wa mwezi, kabla ya rangi na kabla ya bati.

Kipi cha nyumbani, kipi cha fundi

Orodha ya jikoni iligawanywa safu mbili. Safu ya nyumbani ilikuwa na kubadili oili na plagi, kusafisha kabureta na chujio la hewa, kupaka grisi, kushona turubai, kuondoa kutu ya juu na kufungua betri. Betri nayo ina kanuni yake: waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige cheche.

Safu ya fundi ilikuwa na kuchomelea, mikanda ya usalama, usukani na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata kama gari limeegeshwa, na watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ni kazi inayoonekana nyepesi, lakini hewa ikibaki kwenye mabomba, pedali inazama siku usiyotarajia.

Kuchomelea gari uani ni hatari ya aina nyingine. Tenki la petroli hutolewa kabisa na kuwekwa mbali. Wengi hudhani tenki tupu ni salama, kumbe mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Mikeka na siti hutolewa, betri hufunguliwa, kizima moto huwekwa karibu. Baba huyo alilipeleka gari gereji, akakaa hapo kutwa, akahakikisha bati lililooza linakatwa hadi penye bati zima, badala ya jipya kubandikwa juu ya bovu. Gharama ilikaribia ada ya muhula mmoja. Safari hii mama alijua kabla ya fedha kutoka.

Sumu katika chupa ya soda

Mama alipofagia kibanda cha vifaa alikuta jambo ambalo hakuna aliyeliandika: petroli ya kusafishia kabureta kwenye chupa ya soda, na kimiminika cha kijani cha rejeta kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Maji mengi ya aina hiyo ya rejeta yana kemikali yenye ladha tamu, na ni sumu inayoharibu figo. Mtoto au mnyama akiyaonja huendelea kunywa. Kila kimiminika cha gari kibaki kwenye chombo chake cha asili, chenye maandishi yake, kwenye kabati lenye kufuli. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala kwenye mizizi ya mwembe; ikusanywe kwenye dumu ipelekwe gereji inayoipokea.

Mvua za vuli

Gari lilirudi barabarani kabla ya vuli. Halijawa jipya. Rangi ya sakafu hailingani na ya milango, na mpira wa mlango wa kulia bado uko kwenye orodha. Watoto hukaa wakiwa wamefunga mikanda, kwa kuwa paa la turubai halimzuii mtu kurushwa nje gari likipinduka, na baba hapiti kona kwa kasi.

Usiku wa mvua ya kwanza, familia ilikuwa mezani turubai likipigwa na matone nje. Hakuna aliyetaja gari. Asubuhi, binti alitoka na kitambaa kabla ya chai, akainua mikeka yote minne. Upande wa kushoto palikuwa pakavu. Wa kulia palikuwa na unyevu kidogo, chini ya ule mpira mbovu.

Alitoa kizibo, akafuta, akaanika mkeka kwenye kamba ya nguo. Kisha akaingia jikoni, akaandika tarehe.