SOMO LA REDIO: MNG'ARO WA BAHARI NA JICHO LA PWEZA

Somo letu la leo ni juu ya mng'aro wa bahari.

Ninyi mlio Kigombe, Pangani na Moa mnaijua taabu hii. Maji ya bamvua yakipwa, watu hushuka miambani kutafuta pweza. Lakini jua likipiga maji, mtu huweza kupita kando ya shimo la pweza asilione. Kwa nini?

Chukua kamba ya mkonge, uifunge mtini. Ukiitikisa juu na chini, wimbi huenda juu na chini. Ukiitikisa kushoto na kulia, wimbi huenda kwa upande. Sasa ipitishe kamba hiyo kati ya fito mbili za ua zilizosimama. Wimbi la juu na chini litapita. Wimbi la upande litazuiwa.

Nuru nayo ni wimbi. Nuru ya jua hutikisika kila upande. Ikipiga maji kwa mshazari na kurudi, sehemu kubwa hutikisika kwa upande, sawasawa na uso wa maji. Huo ndio mng'aro. Macho yetu hayatambui tofauti hiyo. Macho ya pweza huitambua, maana ndani yake sehemu zinazopokea nuru zimepangwa, nyingine zimesimama, nyingine zimelala.

Siku hizi wataalamu wanajaribu kutengeneza chombo chenye uwezo kama huo. Chombo cha kawaida cha kupimia nuru huigeuza kuwa umeme, lakini hakijui imetikisika vipi mpaka kiwekewe kichujio mbele yake. Wao hutumia fuwele ziitwazo perovskaiti. Fuwele ni kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, kama punje ya chumvi. Jina hilo latokana na jiwe lililopatikana katika milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839, likaitwa kwa heshima ya Bwana Lev Perovski. Fuwele za vyombo hivi hutengenezwa na watu. Zikipangwa kwa mistari au matabaka, hupokea zaidi nuru ya upande mmoja, na umeme huongezeka au hupungua. Ni kama fito zimo ndani ya fuwele yenyewe.

Lakini zina kasoro. Unyevu huziharibu, na sisi wa pwani twaujua unyevu. Tena nyingi zina risasi, ambayo ni sumu. Kazi ya kuziondoa kasoro hizo inaendelea.

Sasa jambo la kukufaa leo. Miwani ya kuzuia mng'aro hufanya kazi kama fito za ua. Kabla ya kuinunua, tazama maji yanayong'aa kupitia kioo kimoja, kisha uizungushe miwani polepole kama usukani. Mng'aro ukipungua na kuzidi, ni ya kweli. Usipobadilika, ni kioo cheusi tu. Usitoe fedha nyingi. Lakini usilitazame jua lenyewe!

Maswali:
1. Fito za ua zilizuia wimbi gani?
2. Kwa nini pweza huona tofauti tusiyoiona sisi?
3. Utaijaribuje miwani dukani?