Kikanyagio cha Umeme cha Gari: Mlio Unapotangulia Kukwama

Kikanyagio cha pembeni kinachoendeshwa kwa umeme ni ubao wa alumini unaojificha chini ya gari na kujitokeza mlango unapofunguliwa, ili mtu apate pa kukanyaga anapopanda au kushuka, kisha hurudi mafichoni mlango ukishafungwa. Kifaa hiki kimeenea hasa Marekani na Kanada, kwenye pikapu na magari makubwa ya familia kama vile Ford F-150, GMC Sierra na Cadillac Escalade, ambayo sakafu zake ziko juu kiasi kwamba mzee au mtoto hulazimika kujivuta ili aingie. Kinapoanza kulia au kukwama, lawama huiangukia mota, nayo hubadilishwa kwa gharama kubwa, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye viungo vidogo ambavyo hakuna aliyevitazama.

Mota hiyo ya volti 12 huzungusha gia ya parafujo, yaani kipande cha chuma chenye nyuzi kama za skrubu ambazo husukuma meno ya gurudumu lililo pembeni yake. Mpangilio huo hupunguza kasi na kuongeza nguvu, na una sifa nyingine yenye manufaa: parafujo hulizungusha gurudumu kwa urahisi, lakini gurudumu kwa kawaida haliwezi kuizungusha parafujo, kwa hiyo uzito wa mtu aliyesimama juu ya ubao haurudishi mota nyuma. Kutoka kwenye gia, nguvu hupita katika mikono ya chuma inayokunjuka kwa kuzunguka juu ya pini zilizovishwa bushi, na hapo kwenye pini na bushi ndipo matope, vumbi na chumvi hupata makazi.

Mlio wenyewe una maelezo ya kifizikia. Nyuso mbili kavu zinaposuguana, hushikana hadi nguvu inayosukuma izidi mshiko, zikaachia ghafla, zikashikana tena, na hali hiyo ikijirudia mara nyingi kwa sekunde moja huzaa mtetemo unaosikika kama mlio. Ndivyo zeze la Wagogo linavyolia upinde unapopita juu ya uzi, na kama kibuyu kinavyoikuza sauti ya uzi, ndivyo ubao mrefu na mwembamba wa alumini unavyoukuza mtetemo wa pini isiyozidi ukubwa wa kidole. Kwa sababu hiyo sauti huonekana kutoka kila mahali, na msikilizaji hupotea.

Katika majira ya baridi ya Amerika Kaskazini, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na maji ya chumvi yakiingia kati ya pini ya chuma na alumini inayoizunguka, metali hizo mbili hugeuka kuwa kama betri ndogo ambayo ndani yake alumini ndiyo huliwa. Unga mweupe unaobaki huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, hivyo huibana pini pole pole. Usiku, maji yaliyonaswa huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, na asubuhi kikanyagio hakitoki. Katika nchi za Ghuba tatizo ni mchanga laini, ambao hushikamana na grisi na kuwa kama msasa, na hii ndiyo sababu grisi, licha ya kupendwa na mafundi wengi, haifai kwenye viungo vilivyo wazi. Kinachofaa ni kuviosha kwa maji ya presha, kuviacha vikauke, kisha kuvipulizia silikoni isiyonata.

Kukwama nako husomwa kupitia mkondo wa umeme. Mota inayozunguka huzalisha ndani yake volti inayopingana na ile ya betri, na volti hiyo huuzuia mkondo usizidi. Mota ikizuiliwa, kizuizi hicho hutoweka na mkondo hupanda kwa ghafla. Kidhibiti, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachosimamia mfumo, hupima ongezeko hilo na kuisimamisha au kuirudisha mota, ili ubao usibane mguu wa mtu. Hakina njia ya kutofautisha mguu na kutu, kwa hiyo kikanyagio kinachotoka nusu na kurudi huenda kinafanya kazi yake barabara.

Uchunguzi unaoamua jambo ni huu: fyuzi ya kikanyagio itolewe ili kuokoa vidole, mota ifunguliwe boliti zake na kutengwa, kisha mikono ikunjwe na kukunjuliwa kwa mkono. Ikisogea bila kusita, mota au gia yake ishukiwe, hasa kama kulikuwa na sauti ya meno yanayoruka. Ikiwa mizito, dawa iko kwenye pini na bushi. Pande zote mbili zikizimika kwa pamoja, ni busara kuanza na fyuzi, waya wa arthi na kidhibiti. Volti zipimwe mota ikiwa inavuta, kwani kiunganishi chenye kutu huonyesha volti 12 kamili pasipo mzigo, lakini ukinzani wa omu 0.1 tu, mkondo wa ampea 20 ukipita, hupoteza volti 2 na kutoa joto la wati 40, kiasi cha kutosha kuyeyusha plastiki ya kiunganishi.

Mwenye gari aliyeambiwa kwamba mota imekufa aombe kwanza ifunguliwe, na mikono ya kikanyagio ijaribiwe kwa mkono mbele ya macho yake.